Mgomba na Mpunga

Kila jamii ina chakula inachokila hadharani na chakula inachokila mlango umefungwa. Katika miji ya mwambao, wali ndio ulioandaliwa mbele ya wageni tangu zama na zama, na muhogo ukabaki uani. Katika miteremko ya Kilimanjaro, kwa miaka mingi ya karne ya ishirini, chakula kilichoonewa haya kilikuwa ndizi: chakula kile kile kilichowalea watu wa mlima huo, kikawapa kinywaji cha arusi, supu ya mzazi na malisho ya ng'ombe. Kisa cha ndizi hiyo ni kisa cha namna chakula kinavyovishwa cheo na kuvuliwa. Na ndani yake limo swali zito: chakula kinapopandishwa cheo, je, hupanda pamoja na mikono iliyokitunza?

Anayepanda kutoka mjini Moshi kwenda Kibosho, Uru, Kilema au Marangu huingia katika kivuli cha migomba kabla hajaiona nyumba. Hapo ndipo penye kihamba, ambacho ni shamba na makazi kwa pamoja: miti mirefu juu, migomba chini yake, kisha mibuni, na chini kabisa magimbi na maharage. Pembeni hupita mfongo, mfereji uliochimbwa na wahenga kuteremsha maji ya mlimani. Katika kihamba hicho hutoka mtori, supu nzito ya ndizi na nyama anayopewa mwanamke aliyejifungua ili arudishe nguvu. Hutoka machalari, ndizi na nyama zilizoungwa kwa mchuzi. Na kiburu, ndizi na maharage vilivyopikwa pamoja hadi vikakauka. Na kitawa, ndizi zilizopondwa na kuchanganywa na maziwa. Hutoka pia mbege, pombe ya ndizi mbivu na kimea cha ulezi, iliyotiwa uchungu kwa gome la msesewe. Asiyeigusa kwa sababu ya dini yake hana budi kujua kwamba huko mlimani posa haikukamilika bila ya kibuyu cha mbege, wala wazee hawakupatana bila ya kuinywa kwa zamu, kila mtu kwa daraja lake.

Haya ya kula ndizi haikuota yenyewe katika udongo wa mlima. Sehemu yake ilipandishwa kutoka pwani. Misafara ya karne ya kumi na tisa ilipeleka nguo na ushanga ikarudi na pembe; na mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alifika huko kutoka upande wa Mombasa akiongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia hizo kabla yake. Mwaka 1885 Sayyid Barghash alimtuma Jenerali Mathews kutoka Unguja kwenda kuwashawishi wamangi waikubali bendera yake. Pamoja na nguo na bendera yalipanda maneno. Mwambao ulikuwa na mizani yake ya kumpimia mtu: muungwana na mshenzi, mtu wa mjini na mshamba, na baadaye likatamba neno ustaarabu, ambalo mzizi wake unaonyesha wazi kipimo kilikotoka. Mizani hiyo haikuishia kwenye kanzu na kilemba. Iliingia jikoni. Aliyekula wali alihesabiwa kuwa ameona mji; aliyekula ndizi, au muhogo, alihesabiwa kuwa bado yuko shamba.

Wakoloni waliikuta mizani hiyo wakaiongezea mawe. Reli ilifika Moshi mwaka 1911, na mji ukakua na maduka yake, ofisi zake na makarani wake. Karani alikunywa chai kwa boflo, na mtoto wake akajua kuwa boflo ndiyo dalili ya mshahara. Kahawa nayo ilileta fedha. Wakulima waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, ambacho kiliwapa watu wa mlima sifa kote nchini. Fedha ya kahawa ilisomesha, iliezeka mabati, ilinunua sukari, chai na mchele. Wa pwani anayekunywa kahawa tungu barazani atastaajabu kusikia kwamba nyumba nyingi za wakulima wa buni zilikunywa chai. Kahawa ilikuwa ya kuuza, na ndizi ilikuwa ya kula. Chenye kuuzwa kwa mzungu kilipata heshima. Chenye kuliwa nyumbani kiliikosa.

Basi wali ukawa chakula cha Krismasi. Mtoto wa kihambani aliungoja mwaka mzima kama alivyoingoja nguo mpya, na alipoupata alitoka nje ya nyumba ili jirani wamwone anatafuna. Aliyekwenda shule ya bweni alijifunza kutotaja kiburu mbele ya wenzake. Akirudi likizo, mama yake alimpikia wali kwa fedha ya kuungaunga, naye mama akala ndizi jikoni. Hata mlimani penyewe, kumwambia mgeni "tuna ndizi tu" ilikuwa ni kumwomba radhi.

Na hapo ndipo penye kejeli. Mgomba na mpunga wote wawili asili yao ni Asia. Wote ni wageni waliokaribishwa Afrika ya Mashariki zamani sana. Mmoja akafanywa bwana na mwingine mtumwa. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alieleza chakula alicholetewa kutoka nyumbani kwa mtawala: wali uliopikwa kwa samli, nyama, kuku na samaki, na pamoja navyo ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Mpishi wa Marangu angelitazama bakuli hilo la mwisho na kulitambua kuwa jamaa wa kitawa chake. Chakula kilichostahiki mgeni wa mfalme katika mji wa pwani miaka mia saba iliyopita ndicho mtoto wa mlimani alichofundishwa kukifichia uso.

Ugeugeu huu si wa Afrika peke yake. Katika London ya karne ya kumi na tisa chaza walikuwa chakula cha mafukara, na Charles Dickens, katika riwaya yake ya kwanza iliyotoka mwaka 1836 na 1837, alimpa mmoja wa wahusika wake kusema kwamba umaskini na chaza huandamana. Chaza walipoadimika baharini bei ikapanda, na leo huliwa na wenye nacho. Ladha haikubadilika, walaji ndio waliobadilika. Karibu zaidi na nyumbani, mambo yamekuwa hayo hayo kwa unga wa mahindi. Sembe nyeupe ilikuwa fahari ya mjini, na dona ikawa ya shule za bweni na ya wasio na uwezo. Mwenye nyumba alikula weupe, kuku wake wakala pumba zenye nguvu. Sasa madaktari wanahimiza dona, na aliyeidharau anaitafuta.

Ndizi za Kilimanjaro nazo zimerudi kwa mlango wa mbele. Mtori unauzwa katika hoteli za Moshi, Arusha na Dar es Salaam, na wanaouagiza si wazaliwa wa mlimani tu. Kila Desemba magari hupanda kutoka miji mikubwa yakiwa yamejaa familia, na wale waliofundishwa kuona haya ndio wanaodai kiburu kwanza. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia. Kilichoitwa ushamba kimeitwa urithi. Wahenga walisema chema chajiuza. Lakini hawakusema fedha ya mauzo humfikia nani.

Tangu kahawa ilipoanza kuwa ya biashara, ilikuwa mali ya mume: jina lake ndilo lililoandikwa katika kitabu cha chama, na malipo yalipotoka yalitoka mkononi mwake. Ndizi ilikuwa mali ya mke. Yeye ndiye aliyeyajua majina ya migomba, upi wa mtori na upi wa mbege. Yeye ndiye aliyeubeba mkungu kichwani hadi sokoni, akarudi na chumvi, mafuta na daftari la mtoto. Kumdharau mla ndizi kulikuwa, bila ya kusemwa, kumdharau mpishi wa ndizi. Wali wa Krismasi ulimfurahisha mtoto, lakini katika siku nyingine zote za mwaka ni mkungu wa mama uliomlaza akiwa ameshiba. Hata bei ya kahawa ilipoanguka, baada ya mapatano ya dunia ya zao hilo kuvunjika mwaka 1989, mgomba haukuvunja ahadi.

Leo kihamba kinagawanywa kwa wana na wajukuu hadi kinabaki upana wa ua, na vijana wanateremka mjini. Mwanamke bado anashuka na mkungu hadi Kiboriloni au Mbuyuni, na bei bado hupangwa na mchuuzi mwenye gari. Bakuli la mtori limepanda cheo. Aliyeubeba mkungu hajapandishwa nalo. Heshima imefika mezani, haijafika sokoni.

Hilo ndilo deni lililobaki, na mwambao nao unadaiwa, kwa kuwa lugha yake ndiyo iliyotoa jina la dharau. Neno mshamba bado linatembea mjini Unguja kama linavyotembea mjini Moshi. Anayelitamka na tonge likiwa mkononi, liwe la wali au la ndizi, na amtazame kwanza aliyelilima.