Hivi bima ya afya ni hiari kweli?

Wadau, kuna neno moja ambalo kila nikilisikia kwenye semina za bima ya afya inabidi niangalie chini ya meza nisije nikacheka. Neno lenyewe ni "hiari". Mtoa mada anasimama na projekta yake, anatuambia Watanzania wengi hawajajiunga na bima kwa sababu hawana mwamko, elimu haijawafikia, wanapenda kuchangia harusi kuliko afya. Tunakunywa soda, tunarudi chumba cha habari, kesho yake gazeti linatoka na kichwa: wananchi wahimizwa kujiunga na bima. Leo naandika ile ambayo haikupata nafasi gazetini.

Mie kwetu ni tarafa ya Sale, wilaya ya Ngorongoro. Najua ukisikia Ngorongoro unawaza kreta na faru na wazungu kwenye Land Cruiser. Sale ni upande mwingine kabisa, kaskazini, njia ya Mto wa Mbu, Engaruka, Engaresero, unapita Ziwa Natron halafu unapanda mlima. Ndiyo nchi ya Wasonjo, Batemi kama tunavyojiita wenyewe, watu wa mtama, mifereji, mizinga ya nyuki na mbuzi. Siku hizi kuna lami ya kilomita 49 kutoka Waso hadi Sale, tunajidai nayo kweli kweli.

Kama Sale huijui, basi Samunge unaijua. Naam, kwa Babu! Watu walizoea kusema Loliondo, lakini kile kikombe kilinyweka kwetu Sale. Mwaka 2011 nilikuwa shule ya msingi. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, alikuwa anachemsha mizizi na kugawa kikombe kwa shilingi 500, akisema kinatibu kisukari, saratani, pumu, hata Ukimwi. Foleni ya magari ilizidi kilomita 20. Wengine walikuja kwa helikopta. Wapo waliofia kwenye foleni kabla hawajafika, wapo walioacha dawa zao za ARV baada ya kunywa, na hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba dawa ile iliponya chochote. Babu mwenyewe alifariki Julai 2021.

Simleti Babu hapa ili tumcheke. Namleta kwa sababu ya ile foleni. Wale ni watu haohao wanaoambiwa hawana mwamko wa kulipia afya! Mtu aliuza mali, akalipa nauli ya maelfu kwa maelfu, akalala porini siku tatu na mgonjwa wake kwenye turubai. Mwamko gani tena unautaka? Ukiniuliza mimi, kilichowaleta haikuwa imani peke yake. Bei ilijulikana kabla hujatoka nyumbani. Ilikuwa moja kwa waziri na kwa mchunga mbuzi. Ukifika, hakuna anayekuambia "hiyo haipo, kanunue nje". Hebu niambie ni huduma gani nyingine ya afya unayoijua wewe yenye sifa hizo tatu kwa pamoja. (Kwamba dawa yenyewe haikufanya kazi ndiyo uchungu wa habari hii.)

Sasa turudi kwenye hiari. Hadi mwaka 1993 hospitali za serikali zilikuwa bure, ndipo uchangiaji ukaanza. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ukajaribiwa Igunga, sheria yake ikaja 2001. Katikati hapo, 1999, ikatungwa sheria ya Bima ya Afya ya Taifa, NHIF, na huduma zikaanza 2001 kwa watumishi wa serikali. Angalieni jambo moja. Mtumishi wa serikali hakuulizwa kama anataka. Alikatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri akaongeza 3 nyingine, basi. Mwalimu hahitaji mwamko, kadi inamfuata. Aliyeachiwa hiari ni mkulima na mfugaji, mtu asiye na mshahara wa kukatwa wala mwajiri wa kumwongezea. Yaani nchi nzima uhuru wa kuchagua tumempa yule asiye na hela ya kuchagulia.

CHF iliyoboreshwa ilipoanza 2018 bei ilikuwa Sh30,000 kwa mwaka, kaya ya watu sita. Ukiwa Arusha mjini, elfu thelathini ni nini? Ni kuku na bia za wikiendi moja. Nyumbani kwetu pesa haikai kama inavyokaa mjini. Inakuja mtama ukivunwa, au asali ikipatikana, au mbuzi akiuzwa mnadani, na ikija inakuta foleni yake tayari. Mwaka 2019 mdogo wangu wa kiume aliugua tumbo, ikaonekana ni kidole tumbo, akapasuliwa. Aliondoka ng'ombe mmoja na mbuzi watatu, ukijumlisha na gari la kumpeleka. Mtoa mada wangu wa semina angesema: mngekuwa na kadi! Ni kweli, tungekuwa nayo mbuzi wote wangekuwepo. Lakini Januari ya mwaka ule elfu thelathini ilikuwepo ndani, na ilikuwa ni sare na madaftari ya huyohuyo mdogo wangu. Baba angemwambia nini? Usiende shule, huenda utaugua?

Halafu kuna hiyo sita. Kwetu tuko tisa, mimi simo. Mama alinipigia simu siku moja, nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza taratibu: "Baba, sasa hao sita tunawachaguaje?" Nilikaa kimya. Ukitaka hiari ndiyo hiyo sasa! Unakaa na karatasi, unafuta majina ya watu wa nyumbani kwako. Bibi tulimwacha kwa sababu sera inasema mzee wa zaidi ya miaka 60 asiye na uwezo anatibiwa bure. Bure yenyewe mnaifahamu: unaonwa bure, unaandikiwa bure, kisha unaelekezwa duka la dawa. Na mwenye kadi naye wakati mwingine anaelekezwa dukani hukohuko, wanakutana mlangoni. Juu ya hapo, kadi ile ilikuwa inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukiandikiwa kwenda KCMC Moshi, unarudi kuhesabu mbuzi.

Haki itendeke, upande wa pili nao una hoja. Bima ya hiari inafilisika, na tumeshaona. Toto Afya Kadi ilikuwa Sh50,400 kwa mtoto kwa mwaka, wazazi wa mjini waliipenda, na mwaka 2023 NHIF ikasitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja, ikisema wengi walikuwa wanaletwa wakiwa tayari wagonjwa. Nani angefanya vingine? Ukiwa na hela kidogo unainunua kadi siku homa ikipanda. Kwa hiyo sipingi bima kuwa lazima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita bungeni Novemba 2023, na kwa mtazamo wangu haikumnyang'anya mtu wa Sale hiari yoyote, maana hakuwa nayo.

Kinachonitia wasiwasi ni jinsi ya kumlazimisha mtu ambaye mfuko wake uko zizini. Muswada wa kwanza, wa 2022, ulikuja na mambo ya kufunga leseni ya udereva na leseni ya biashara mpaka uwe na bima, na kiwango kilichotajwa wakati ule kilikuwa Sh340,000 kwa kaya ya watu sita. Kelele zikapigwa, ukarudishwa. Sheria iliyopita imeweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, unaotegemea vyanzo kama ushuru wa soda na pombe. Vizuri. Ila asiye na uwezo ni nani? Mwenye mbuzi kumi anahesabiwa ana uwezo? Huyo ndiye baba yangu. Rwanda walikaa wakawapanga watu kwa madaraja, na kuanzia 2011 maskini kabisa akalipiwa faranga 2,000 zake, wa juu akalipa 7,000. Kenya walipoanza SHA Oktoba 2024 waliwataka wasio na ajira rasmi walipe mwaka mzima kwa mkupuo, watu wakashindwa, ikabidi 2025 ije mikopo ya kulipa polepole. Jirani anafeli mtihani mbele ya macho yako, na wewe una karatasi ileile mkononi!

Kwetu mtu angelipa. Mfuate mnadani akiwa ameshika hela ya mbuzi, au baada ya mavuno, usimfuate Januari. Mwandikie wote tisa. Na dawa iwepo.

Mkidhani nasema ya kijijini tu, mie mwenyewe nikiwa chuo nilikuwa na kadi ya NHIF ya lazima, Sh50,400 kwa mwaka, na tulikuwa tunalalamika kweli. Nikahitimu, kadi ikafa. Gazeti ninaloandikia (silitaji) linanilipa kwa habari, bila mkataba, kama waandishi wengi mnaosoma majina yao kila asubuhi. Mwaka 2024 NHIF walileta kifurushi kipya kwa watu kama sisi, wakakipa jina la Ngorongoro Afya. Nilitabasamu kuona jina la wilaya yetu, nikashuka hadi kwenye bei, inahesabiwa kwa malaki.

Mwaka jana niliwatumia nyumbani ile elfu thelathini kwa simu baada ya malipo ya habari za miezi miwili kutoka pamoja. Sita waliandikishwa: baba, mama na wadogo zangu wanne. Bibi na watoto wawili wa marehemu shangazi hawamo. Na mimi simo kwenye kadi yoyote.