Kengele Ni Hodi



Kwetu Kivu mtoto anafundishwa mapema kwamba haingii katika ua wa mtu bila kupiga hodi. Anayekuja anasema «Hodi», na mwenye nyumba anajibu «Karibu». Maneno haya mawili madogo yanalinda amani ya majirani. Sisi tulidhani ni maneno ya mlangoni tu, kumbe ni ya njiani vile vile. Tulijifunza hayo mbali na kwetu, tena kwa haya.

Sisi ni watu watatu wa Bukavu, tunakaa Namur, mji wa Ubelgiji, pale mto Sambre unapoingia katika mto Meuse. Kila siku ya posho asubuhi tunakimbia pamoja ukingoni mwa Meuse, kuelekea Dinant. Hatushindani na mtu. Tunakimbia kwa ajili ya afya, na zaidi kwa kuzungumza Kiswahili chetu.

Njia ile zamani ilikuwa ya farasi. Mashua zilipokuwa hazijapata mashini, farasi walipita ukingoni wakizivuta kwa kamba ndefu. Siku hizi njia imesawazishwa kwa ajili ya watu. Tangu mwaka 1995 serikali ya Wallonie inaunganisha njia za namna hii, nazo zinaitwa RAVeL. Nyingine zilikuwa njia za gari la moshi zilizoachwa. Moja yao inaitwa Vennbahn. Ina kilometa 125: inatoka Aachen katika Ujerumani, inapita Ubelgiji, inaishia Troisvierges katika Luxembourg. Katika njia hizi motokari hazipiti. Wanapita waendao kwa miguu, wakimbiaji, wenye kinga (ndiyo baisikeli), na mama wenye kusukuma watoto katika vigari. Kila mmoja anasema: Njia hii ni yetu. Wote wanasema kweli, na matata yanaanzia hapo.

Siku moja ya posho tulikuwa tukikimbia sisi watatu sambamba, tumejaza njia yote. Mdogo wetu alikuwa ameziba masikio kwa vile vidude vya muziki. Sisi wawili tulikuwa tukicheka kwa hadithi ya zamani. Nyuma yetu kengele ililia. Mmoja aliruka kuume, mwingine kushoto. Mdogo wetu hakusikia kitu. Alipotuona tumeachana alisimama ghafula katikati ya njia. Mama mmoja mzee alikuwa juu ya kinga. Alikamata breki kwa nguvu, akaanguka. Mkono wake ulivunjika penye kifundo.

Tulimwinua, tukapiga simu 112, tukangoja gari la hospitali. Hata pale, mbele ya mtu mwenye maumivu, kila mmoja wetu alikuwa na neno la kujitetea moyoni. Alipiga kengele kwa kuchelewa. Watu wa kinga wanapenda mbio mno. Ndivyo tulivyosema kwa Kiswahili, ili asisikie.

Juma lililofuata tulikwenda kumtazama kwake, tukachukua matunda. Alitukaribisha vizuri. Kisha alituambia neno ambalo halijatutoka: «Nilichelewa kupiga kengele kwa sababu niliwaogopa. Nikiipiga, wakimbiaji wengine wananikasirikia, kama kwamba nimewatukana.»

Tulitazama chini. Maana sisi wenyewe, mara ngapi tulisikia kengele tukanung'unika: Anatufukuza kama mbuzi? Hasira yetu ya siku nyingine ndiyo iliyomfanya mama yule akawie.

Tuhesabu kidogo. Sisi tunakimbia kilometa 10 kwa saa. Mwenye kinga anaweza kwenda kilometa 25, na kinga za umeme zinamsaidia hata mzee kufika hapo. Basi anatukaribia kwa kilometa 15 kwa saa, ndiyo kusema meta 4 hivi kwa kila sekunde. Akipiga kengele akiwa mbali meta 20, tunapata karibu sekunde 5: zinatosha kusikia na kusogea bila hofu. Akiipiga akiwa mbali meta 4, tunapata sekunde moja. Katika sekunde moja mtu anaruka tu, na hajui anarukia wapi.

Sheria ya barabara ya Ubelgiji inaagiza kwamba katika njia hizi watu wasitiane hatarini wala wasizuiane, na waongeze uangalifu penye watoto. Sheria ni njema. Lakini haiwezi kumfundisha mtu namna ya kusikia kengele. Hilo ni jambo la malezi.

Kwetu tunalijua. Pale Goma, mwenye chukudu akitelemka na mzigo wa makaa anapiga kelele toka mbali, na watu wanampisha bila kununa. Wanajua kwamba chombo kile cha miti hakisimami upesi. Kwa nini basi kelele ya chukudu tuiite onyo, na kengele ya Namur tuiite tusi?

Kengele ni hodi. Mwenye kinga aipige mapema, apunguze mbio, tena akumbuke kwamba anayepiga hodi bila kujibiwa haingii kwa nguvu. Pengine aliye mbele ni kiziwi, ao ni mtoto. Naye mkimbiaji asizibe masikio yote mawili, maana aliyeziba masikio atajibuje hodi? Asikie, aende kuume, asiruke.

Sisi tumebadili desturi. Tunakimbia wawili mbele na mmoja nyuma, na njia ikiwa nyembamba tunafuatana mmoja mmoja. Mdogo wetu anaacha muziki nyumbani. Kengele ikilia, wote tunashika upande wa kuume na kuinua mkono.

Mkono wa mama yule umepona, ingawa anasema unamwuma siku za baridi. Tunakutana naye mara kwa mara ukingoni mwa Meuse. Anapiga kengele toka mbali sana, kuliko inavyohitajiwa. Nasi, bila kugeuka, tunamjibu kwa sauti: «Karibu, Mama!» Tulikwisha kumweleza maana yake.