Bunduki za Idi Mumias: Je, Darubini Ina Faida?



Msafiri atokaye Mombasa kwenda Mumias huikata nchi nzima kabla hajafika. Huiacha bahari nyuma, hupita nyika za Voi, huupanda mteremko wa Bonde la Ufa na kuuteremka, na baada ya zaidi ya kilomita 800 hujikuta katikati ya miwa iliyosimama pande zote mbili za barabara. Akishakudhani kwamba ameuaga ulimwengu wa pwani, husikia adhana, huona kofia na mabuibui sokoni, na hukaribishwa kwa Kiswahili. Ndivyo ilivyotukuta sisi tulipokwenda huko kula Idi pamoja na jamaa zetu wa Kiwanga.

Udugu huu si wa jana. Mji huu zamani ukiitwa Lureko, na wasafiri wa misafara wakauita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu. Mwanawe, Nabongo Mumia, naye aliwapokea wafanyabiashara wa pwani waliokuja na nguo, shanga na bunduki wakitafuta pembe za ndovu. Joseph Thomson alifika hapa mwaka 1883, na Askofu Hannington alipita mwaka 1885 akielekea Busoga, ambako aliuawa. Kwa njia ya misafara hiyo Uislamu ulijenga makao bara, na wengi katika ukoo wa kifalme wakasilimu. Anayetaka kuijua habari hii kwa urefu na azuru Kituo cha Utamaduni cha Nabongo kilichoko Matungu.

Lakini misafara haikuleta nguo na imani peke yake. Bunduki nazo zilileta mambo yake. Mwaka 1895 Hobley, mtumishi wa serikali ya Kiingereza aliyeweka kituo chake hapa kwa Mumia, aliongoza vita dhidi ya Wabukusu katika ngome za Lumboka na Chetambe, na askari wa Mumia walikuwa upande wake. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni bunduki ambazo Wabukusu walikataa kuzisalimisha. Watu wengi walikufa. Kwa hiyo katika nyumba za wazee wa sehemu hizi neno bunduki halisemwi kwa wepesi, hata inapokuwa ni ya plastiki.

Na hizo za plastiki ndizo tulizozikuta sokoni siku mbili kabla ya Idi. Zilitundikwa pamoja na puto, miwani ya rangi na wanasesere, kama zitundikwavyo Mombasa, Lamu na Unguja. Nyingine ni bastola ndogo. Nyingine ni ndefu kama mkono wa mtu mzima, na juu yake zimewekwa darubini nyeusi. Zote hurusha vidonge vya plastiki vya mviringo vyenye upana wa milimita 6. Ile yenye darubini iliuzwa kwa bei kubwa kuliko wenzake wote, na hiyo ndiyo iliyotamaniwa na wavulana wetu, wa pwani na wa Mumias. Walikwisha kuzihesabu peza zao za Idi kabla hazijatolewa.

Nyumbani palizuka maneno. Mjomba mmoja alisema, "Waacheni watoto wacheze, Idi ni mara mbili kwa mwaka." Mama wa watoto akajibu kwamba jicho la mtoto nalo ni mawili tu. Kijana mkubwa, mwenye miaka 14, akajitetea kwa adabu: "Mama, ile yenye darubini ni salama zaidi, kwa sababu unaona vizuri unapolenga." Kukhu, yaani nyanya kwa lugha ya huku, alikuwa akichambua mrenda kimya. Akasema, "Basi tazameni kwanza, halafu ndipo mnunue." Neno lake likawa hukumu.

Tukaazima bunduki mbili kwa jirani aliyewahi kununua, moja ya darubini na moja bila, tukaenda nao kwenye uwanja ulio wazi nyuma ya nyumba. Tuliwavisha wote miwani ya kukinga macho ya fundi wa kuchomelea vyuma, kisha tukapanga makopo matupu ya maziwa mbele ya ukuta wa udongo kwa hatua 10, 20 na 30.

Jambo la kwanza lililodhihirika ni kwamba darubini ile haikuwa darubini. Ilikuwa bomba tupu la plastiki lenye kipande cha nailoni angavu kila upande. Halikukuza chochote. Aliyechungulia ndani yake aliona kopo lilelile kwa ukubwa uleule, ila sasa akiliona kupitia tundu. Bei ya ziada ililipiwa umbo.

Jambo la pili ni la vidonge vyenyewe. Kwa hatua 10 makopo yalianguka mara nyingi. Kwa hatua 20 vidonge vilianza kupeperuka, na upepo mdogo tu ulitosha kuvipotosha. Kwa hatua 30 vilidondoka chini kabla ya kufika. Kijana wetu alikuwa na macho mazuri. Kopo la hatua 30 aliliona waziwazi, hata maandishi yake ya rangi. Hakukosa kwa kutoona. Alikosa kwa sababu kidonge hakifiki.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali zima, na si kwa bunduki za watoto peke yake. Mchezo huu umekuwa mchezo wa watu wazima katika nchi nyingi. Ulianzia Japani, ambako sheria humwekea raia masharti makali ya kumiliki bunduki ya kweli, na tangu miaka ya 1980 ukaenea Marekani na Ulaya. Wachezaji huvaa kinga za uso, hujigawa makundi mawili, na anayepigwa huinua mkono na kutoka. Bunduki zao ni bora kuliko hizi za sokoni, lakini hata hizo hulenga kwa uhakika kiasi cha mita 40 au 50 tu. Kwa umbali huo jicho zima humwona mtu bila msaada wowote. Darubini ya kukuza mara 4 humleta aliye mita 40 akaonekana kama aliye mita 10, lakini haikisogezi kidonge hata shubiri moja.

Tena darubini ya kweli ina gharama zake. Kikuzacho umbo hupunguza upana: kwa mita 20, darubini ya mara 4 humwonyesha mtazamaji upana wa mita 2 hivi, na yote yaliyo nje ya hapo humpotea. Mwenzake akitokea ubavuni hamwoni. Mtetemo wa mkono nao hukuzwa pamoja na kitu. Na darubini nyingi za bunduki zimetengenezwa kwa umbali wa mita 100 na zaidi, hivyo vilivyo karibu huonekana kwa ukungu. Ndiyo maana wachezaji wengi wazoefu hupendelea kioo chenye nukta nyekundu kisichokuza kitu, ambacho huwaruhusu kuyaacha macho yote mawili wazi.

Haki ya darubini nayo tuitaje. Katika uwanja mpana, aliyejificha penye kichaka huweza kutambuliwa kwayo. Mchezaji huona kama huyo ni wa kundi lake au la, na huona vidonge vyake vinaangukia wapi akajirekebisha. Lakini faida hizo zote hupatikana kwa darubini ya mkononi, ile ya kutazamia ndege, tena bila kumwelekezea mtu mtutu. Mwenye darubini juu ya bunduki, kila anapotaka kujua "yule ni nani?", hulazimika kwanza kumlenga. Hilo peke yake lingetosha kutufanya tusite.

Sasa tuitazame nchi yenyewe. Mumias ni nchi ya miwa tangu kiwanda cha sukari kilipoanza kazi katika miaka ya 1970. Muwa ukikomaa hupita kimo cha mtu, na aliyeingia shambani haoni zaidi ya hatua chache mbele yake. Watoto hucheza pembezoni mwa miwa hiyo, kwenye vijia, nyuma ya majiko na chini ya miembe. Darubini itamfaa nini mtu ambaye adui yake wa mchezo hutokea ghafula kwa hatua 3? Na kwetu pwani ni hivyohivyo: vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa na vya Lamu ni vyembamba, na watoto hukutana kwenye kona uso kwa uso. Mahali ambapo mchezo huu huchezwa na watoto wetu, umbali ni mfupi. Na umbali mfupi ndio hatari.

Kidonge cha gramu 0.20 kirushwacho na bunduki nzuri huenda mita 100 kwa sekunde, sawa na kilomita 360 kwa saa. Bunduki za sokoni ni dhaifu kuliko hizo, lakini jicho halihitaji nguvu nyingi ili liumie. Kidonge kikilipiga jicho, damu huweza kuvuja ndani yake, mboni ikajaa wekundu. Lenzi huweza kupata ukungu, ndio mtoto wa jicho, hata kwa mtoto mdogo. Na utando wa nyuma ya jicho huweza kuchanika. Baadhi ya madhara hujitokeza baada ya miezi au miaka. Mtoto akipigwa, mama asilisugue wala asilikandamize jicho, asitie dawa ya kienyeji wala maziwa. Alifunike kwa kitu kigumu kisichogusa jicho, kama kikombe kidogo safi, na ampeleke hospitali siku ileile hata kama maumivu yametulia.

Kwa upande wa dini, tunayo hadithi sahihi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Mughaffal (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kurusha vijiwe kwa vidole. Sababu iliyotolewa ni kuwa vijiwe hivyo haviwindi mnyama wala havimdhuru adui, ila huvunja jino na kutoboa jicho. Tuliposomewa maana yake jioni ile, kijana wetu alitazama kidonge kilichokuwa kiganjani mwake, akakirudisha katika kikopo chake. Vilevile Mtume (s.a.w.) alikataza kumwelekezea ndugu silaha, hata kwa mzaha. Wanazuoni wanayo maelezo yao juu ya vitu vya kuchezea, nasi hatuwatangulii. Lakini mzazi mwenye busara haoni ugumu kuelewa makatazo hayo yanalinda nini.

Lipo pia jambo la sheria. Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114, haikuzitaja bunduki za kweli peke yake; inazitaja na za bandia zinapotumiwa kwa nia ya uhalifu. Askari aliyekutana na kijana mrefu usiku, mkononi ana kitu cheusi chenye mtutu na darubini, hana nafasi ya kuuliza kama ni plastiki. Na kadiri kitu hicho kinavyopambwa ili kifanane na cha kweli, ndivyo hatari ya aliyekibeba inavyozidi.

Tulirudi kwa kukhu tukamweleza tuliyoyaona. Hakutaka maneno mengi. Aliamua kwamba bunduki haitanunuliwa, na kwamba watoto wasiachwe mikono mitupu, kwa maana furaha ya Idi ni haki yao. Fedha za watoto watano zikachangwa pamoja, mjomba akaongeza palipopungua, ikanunuliwa darubini ndogo ya mkononi yenye kukuza mara 8. Hii ilikuwa na vioo vya kweli. Tuliijaribu dukani kabla ya kulipa. Siku ya pili ya Idi, baada ya kula kuku na ugali, watoto walichukuliwa hadi ukingo wa mto Nzoia. Waliwaona mndere wakikausha mabawa juu ya kisiki na mdiria wakipiga mbizi, wakagombea zamu kama walivyokuwa wakiigombea bunduki. Yule mkubwa alinung'unika mwanzoni. Alipoupata mwezi usiku ule, akaona mashimo yake, ilibidi anyang'anywe ili wengine nao waone.

Basi, akina mama na akina baba wenzetu, Idi ijayo ikikaribia na wauzaji wakitandika, tunashauri haya. Bunduki ya vidonge msimnunulie mtoto mdogo, iwe na darubini au isiwe nayo. Ikiwa imekwisha kuingia nyumbani, na ilenge makopo tu mbele ya ukuta laini au pazia, kila aliyepo avae miwani ya kukinga macho, na mtu mzima awepo. Miwani ya kusomea haitoshi. Isitoke mlangoni kwenda barabarani. Na mtoto akiwaambia kwamba yenye darubini ni bora, mpeni aishike dukani, achungulie, kisha mumwulize ameona nini cha zaidi.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, wa pwani na wa bara, macho yao na nyoyo zao, na azijaalie Idi zetu ziwe za furaha isiyo na majuto. Amin.