Mwendo wa kuongea, si wa kuimba

Kila siku saa 11 jioni, mzee mmoja mstaafu wa Tabata, jijini Dar es Salaam, alivaa raba zake na kutoka kutembea. Daktari alikuwa amemwambia shinikizo lake la damu liko juu, afanye mazoezi. Kaka yake alifariki kwa kiharusi, hivyo hakuhitaji kusisitizwa.

Tatizo lilikuwa salamu. Kwa fundi viatu alisimama, kwa muuza mahindi ya kuchoma alisimama, kwa jirani aliulizia wajukuu mmoja mmoja. Dakika 40 ziliisha kabla hajafika barabara kuu, akarudi nyumbani bila hata tone la jasho.

Mkewe, aliyezoea kuwahi daladala alfajiri kwenda sokoni, alimcheka. “Baba watoto, hayo si mazoezi, unatafuta habari za mtaa.”

Kesho yake wakatoka pamoja. Mama alikata mbuga. Mzee, kwa kuona aibu kuachwa, akamkimbilia nyuma mpaka pumzi zikamwishia, akashika nguzo ya umeme. Mkewe aliporudi kumuuliza kulikoni, hakuweza kumjibu. Usiku ule mama hakulala. Aliona nusura ampeleke mumewe alikokwenda shemeji yake.

Asubuhi walikwenda kliniki. Daktari alimpima mzee, akaridhika kwamba anaweza kuendelea kutembea. Muuguzi ndiye aliyewafungua macho.

“Mzee wangu, usifuate miguu ya mama. Fuata pumzi yako,” alisema.

Akawaeleza: ukitembea huku unaweza kuimba, mwendo ni mdogo. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha. Ukiweza kuongea lakini kuimba kukakushinda, hapo ndipo mwili unapata mazoezi ya wastani.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa kwa siku 5 inakufikisha kwenye 150. Kwa watu wazima wengi, mwendo huo ni kama hatua 100 kwa dakika. Hesabu hatua zako kwa sekunde 15. Zikifika 25, uko pazuri. Hata hivyo, umri, uzito na maradhi hutofautiana, na hatua 100 za mtu mmoja zinaweza kuwa mbio kwa mwingine. Ndiyo maana pumzi ni kipimo kizuri zaidi. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama na uende hospitali.

Kipimo hicho kilimfaa mzee, kwani anaimba besi katika kwaya. Walianza na dakika 10 tu, wakaongeza kidogo kidogo. Njiani mama humwambia, “Haya, imba.” Akimaliza ubeti mzima bila shida, wanaongeza mwendo. Sauti ikikatika katikati, wanacheka na kuendelea hivyo hivyo. Mzee akinyamaza kabisa, mama ndiye anayepunguza hatua, bila kusubiri kuombwa.

Na fundi viatu? Siku hizi anapungiwa mkono kwa mbali. “Nitakupitia nikirudi!” mzee humwambia, na maneno hayo huyamaliza bila kukata pumzi.