Mto Khalaba na Watu wa Kanduyi

Sisi watu wa mwambao tukitajiwa maji, fikra zetu huelekea baharini. Mtu wa Kanduyi hufikiri mto. Mji wa Bungoma umekua pamoja na Khalaba, mto mdogo unaomiminikia Nzoia, nao Nzoia huyafikisha maji hayo hadi Ziwa Victoria. Jina la Nzoia si geni kwetu: misafara ya wazee wetu iliyokwenda Uganda katika karne ya 19 ilipumzika kwa Nabongo Mumia, karibu na mto huo, na Uislamu ukabakia huko hata baada ya biashara ya pembe kwisha.

Nilipopita ukingoni wakati wa likizo, niliwakuta kina mama wakifua, vijana wakiosha pikipiki, na watoto wakirushiana maji kana kwamba ni sikukuu. Hakuna aliyelipa kiingilio. Katika mji ambao kila uwanja mtupu hugeuka maduka, hiyo si neema ndogo.

Lakini heshima ya mto kwa Wabukusu huonekana Agosti ya kila mwaka wa shufwa. Kijana anayetahiriwa, baada ya kuzunguka kwa jamaa akiwaalika kwa mlio wa chinyimba, kengele zile za chuma, hupelekwa mtoni alfajiri. Huko huoga maji ya baridi, hupakwa tope mwili mzima, kisha hurejeshwa nyumbani kwa wimbo wa Sioyaye, asimame mbele ya ngariba bila kupepesa jicho. Sisi humtahiri mtoto angali mdogo, kwa utulivu, na katika sherehe zao yako nisiyoyaridhia, hasa pombe. Hata hivyo, ni wapi kwetu kijana hufunzwa kwa dhati kama hiyo kwamba maji ni ya ukoo mzima?

Sasa mvua ikinyesha, mifereji ya mji huleta chupa za plastiki, nepi na maji meusi ya gereji, vyote vikaingia mtoni. Mzee mmoja aliniambia kuwa wanawe walipakwa tope papo hapo tulipokuwa tumesimama. Mjukuu wake zamu yake inakaribia, naye mzee ameshakwenda mara mbili juu ya mji, kwa miguu, kutafuta ukingo ulio safi. Bado hajauchagua.