Kompyuta ya Msikiti na Tuhuma Tuliyoitoa

Katika ofisi ya msikiti wetu hapa Mwaya ipo kompyuta moja ya mezani, tuliyopewa na muumini ikiwa imekwishatumika. Ndani yake tumehifadhi daftari la madrasa, hesabu za michango na orodha ya wanaostahiki Zakatul-Fitri. Mwezi wa Shaaban tuliifungua kuitoa vumbi. Anayeishi ufukweni mwa Ziwa Nyasa anawafahamu wale wadudu wadogo wapandao kutoka majini kama moshi. Walikuwa wamejaa katika mapezi ya bapa la aluminiamu lililo chini ya feni. Tukalinyanyua bapa, tukalisugua kwa brashi, tukalirudisha, tukakaza skrubu nne na kujiona tumefanya kazi njema.

Tangu hapo ikaanza kujizima. Huwaka dakika kumi, kisha giza. Katika kumi la mwisho la Ramadhani ilizimika mbele ya kijana wetu wa madrasa, mwenye umri wa miaka 15, aliyekuwa akituandikia orodha ya Zakatul-Fitri. Tukasema ameiharibu kwa michezo. Tunaandika "sisi" kwa adabu ya kalamu, lakini kauli ile ilitoka kinywani mwa katibu, na katibu ndiye aliyemnyang'anya ufunguo wa ofisi. Kijana hakujibu neno. Kesho yake hakuonekana darsani.

Fundi wa Kyela mjini hakuhitaji muda mrefu. Alinyanyua feni na bapa lake, akauliza, "Ustadhi, nani aliitoa hii akairudisha bila kupaka dawa?" Juu ya prosesa palikuwa na ukoko wa kijivu, mkavu, uliopasuka kama tope la jaruba baada ya mavuno.

Dawa hiyo, urojo ufananao na dawa ya meno, haipozi kitu kwa nguvu zake. Uso wa prosesa na uso wa bapa, ingawa huonekana laini, una mabonde madogo yasiyoonekana kwa jicho. Nyuso hizo zikikutana kavu, hewa hubaki katikati, na hewa hupitisha joto kwa udhaifu mno. Urojo huyajaza mabonde hayo, joto likapata njia ya kuvuka. Ukikauka kisha ukabanduliwa, haushiki tena kama mwanzo. Prosesa hupunguza kasi yake kwanza, na ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujizima isije ikaungua. Kwa fukuto letu la Kyela, ilikuwa imekwisha pumzi.

Fundi akalowesha kitambaa kwa spiriti. Tulisita, je, pombe katika chombo cha msikiti? Akatusomea kibandiko: isopropili, ambayo ukiinywa ni sumu. Sisi tuliokaa chuoni tukisoma mlango wa tahara tulipaswa kuijua tofauti ya khamri na kiyeyusho bila kufunzwa na fundi. (Mwenye shaka amuulize sheikh wake; wanazuoni wamelijadili jambo hili kwa kirefu.) Akapangusa nyuso zote mbili mpaka chuma kikang'aa, kwani kupaka mpya juu ya kuukuu ni kosa la wengi. Akaacha pakauke, wala hakupagusa tena kwa kidole, kwa kuwa ngozi huacha mafuta. Akaweka tone moja katikati, kiasi cha punje mbili za mchele, akashusha bapa wima na kukaza skrubu kidogo kidogo kwa mshazari, ili urojo ujitandaze wenyewe. Ukizidi, alisema, unene wake huwa kizuizi.

Iliwaka saa mbili bila kuzimika.

Tuliporudi Mwaya tulipita kwanza nyumbani kwa kijana. Mama yake alikuwa akiandaa futari. Tukamweleza kwamba aliyeiharibu kompyuta ni katibu, tangu Shaaban, na kwamba tumemdhulumu mwanawe. Alinyamaza kitambo, kisha akamwita. Kijana alitoka, akatoa salamu, akasikiliza msamaha wetu akitazama chini. Aliuliza jambo moja tu: "Ustadhi, majina yamepatikana yote?"

Tukamwambia yote yapo, ila familia tatu alizokuwa akiziandika ilipozimika. Siku mbili zilikuwa zimebaki kabla ya Idi. Akazitaja pale pale mlangoni, moja baada ya nyingine, pamoja na idadi ya watoto wao, nasi tukaziandika nyuma ya risiti ya fundi.