Kahawa ya Sumatra Yenye Ladha ya Udongo

Wakulima wa Nyeri, Meru na Kisii wanajua vema kwamba kahawa ya Kenya husifiwa kwa uchachu wake ulio wazi na harufu yake safi. Huko Indonesia, katika kisiwa cha Sumatra, iko kahawa ya arabika iliyo kinyume kabisa cha hiyo. Uchachu wake ni mdogo, kinywani ni nzito, nayo huacha ladha ya udongo ulionyeshewa mvua, ya mti wa mwerezi, ya tumbaku na viungo. Hata hivyo wako wanunuzi wa Ulaya na Marekani wanaoitafuta kwa jina lake na kuilipia vizuri. Yafaa basi tuitazame nchi hiyo na kazi ya watu wake, tujue ladha hiyo hutoka wapi.

Msafiri atokaye pwani ya Aceh, upande wa kaskazini wa kisiwa, hupanda milima mpaka afike mji wa Takengon, ulio kando ya ziwa liitwalo Laut Tawar, maana yake bahari isiyo na chumvi. Hapo ni kadiri ya meta 1,200 juu ya bahari, yaani futi 4,000 hivi, na mashamba huendelea kupanda juu zaidi. Wenyeji ni Wagayo, watu wa dini ya Kiislamu, na wengi wao hulima mashamba madogo ya ekari chache, mibuni ikikua chini ya miti ya kivuli. Ukungu ni mwingi, na mvua haikatiki kwa muda mrefu. Mkulima aanikaye kahawa huko hutazama mbingu kila saa.

Kahawa si ngeni katika visiwa hivyo. Waholanzi walileta miche Java kutoka Malabar, katika Bara Hindi, mwaka 1696. Ile ikaharibiwa na mafuriko, wakaleta mingine mwaka 1699. Mwishoni mwa karne ya 19 ugonjwa wa kutu ya majani uliangamiza mibuni mingi ya arabika, na mwaka 1900 ikaletwa robusta, ambayo asili yake ni misitu ya Kongo. Hata leo sehemu kubwa ya kahawa ya Indonesia ni robusta. Arabika ilibaki milimani kulikoinuka, na Gayo ni mojawapo ya mahali hapo.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Mkulima huchuma matunda mekundu, huyamenya nyumbani kwa mashine ndogo izungushwayo kwa mkono, huiacha kahawa usiku mmoja ili ute ulegee, na asubuhi huiosha. Kisha huianika kwa saa chache tu. Kahawa hiyo, ingali imo ndani ya ganda lake gumu, huitwa gabah, jina lile lile waliloupa mpunga. Unyevu wake bado ni kama asilimia 40 au zaidi, lakini mkulima hangoji. Siku ya soko huipeleka kwa mchuuzi na kulipwa fedha taslimu papo hapo.

Mchuuzi huianika tena kidogo, kisha kahawa hukobolewa ikiwa bado na maji mengi, kadiri ya asilimia 30. Njia hii huitwa giling basah, yaani kukoboa kahawa mbichi. Mashine yake haina budi kuwa na nguvu nyingi, maana ganda lenye maji hushikamana na punje. Punje hutoka nyeupe na laini, hata ukizibonyeza kwa kidole hubonyea; nyingine hupasuka ncha, zikafanana na ukwato wa mbuzi. Baadaye huanikwa juu ya maturubai bila ganda lolote, mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 12 au 13, nazo hugeuka rangi ya kijani iliyokolea, yenye kuelekea samawati.

Hapa ndipo njia yao inapoachana na yetu. Katika viwanda vya ushirika vya Kenya kahawa hukaushwa juu ya meza ikiwa ndani ya ganda mpaka unyevu ufike kama asilimia 11, na haikobolewi ila imekwisha kauka. Ganda huilinda punje. Punje ya Sumatra hukauka uchi, ikiguswa na hewa na unyevu siku zote hizo, na ndiyo sababu uchachu wake hupungua na ladha ya udongo huingia. Ushahidi upo: kahawa ya mashamba hayo hayo ya Gayo ikikaushwa ndani ya ganda kama yetu, huwa na uchachu ulio wazi zaidi, na ule udongo hupungua. Basi ladha hiyo ililetwa na mvua, na haja ya fedha za haraka, na mikono ya watu.

Njia hii ina faida na hasara zake. Mkulima wa Gayo hupata fedha siku ile ile, na sisi tunajua uchungu wa kungoja malipo ya kahawa miezi mingi. Lakini ameuza maji pamoja na kahawa, na bei hukadiriwa kwa unyevu ambao mara nyingi mchuuzi huupima kwa jicho na kwa mkono. Tena kazi inayoleta ladha hufanywa na mtu mwingine. Mchuuzi akizembea mvua inyeshapo, punje zisizo na ganda huota ukungu, na waonjaji hawakosi kutofautisha ladha ya udongo na ladha ya uvundo.

Mwaka 2010 serikali ya Indonesia iliandikisha jina la kahawa ya Gayo kuwa mali ya eneo lile, na mwaka 2017 Umoja wa Ulaya nao ukalikubali. Sheria hiyo huwazuia wageni wasilitumie jina hilo bure. Uvundo hauzuiliwi na sheria. Huzuiliwa na mtu anayekunja turubai mapema mawingu yanapokusanyika.